Brevet ya Kuuza Misumari

Jumatatu moja ya mwaka wa 1983, Lambert alisimama katikati ya barabara kubwa ya Bunia akaona utajiri unamwangalia kutoka pande zote mbili.

Kushoto ilikuwa quincaillerie, duka la vifaa vya ujenzi, mali ya mzee Mumbere, mtu wa Butembo. Kulia ilikuwa quincaillerie ya Mama Kanyere, naye wa Butembo, aliyefika kwa lori lile lile. Wote wawili waliuza mabati, misumari, rangi na kufuli. Wote wawili walikaa mlangoni kutwa nzima, si kwa kungojea wateja, bali kwa kuhesabu wateja wa ng'ambo. Ndani, wafanyakazi wao walilala juu ya mifuko ya simenti kama maaskofu waliozikwa kwa heshima.

Mteja mmoja aliingia kwa Mumbere kuomba bawaba.

— Iko kule nyuma, akajibu Vital, mfanyakazi, bila kufungua jicho. Tafuta. Ukiipata, utuonyeshe na siye.

Lambert akatabasamu. Shida yake ilikuwa moja, na iliitwa Emérance. Nyumba aliyomjengea kule Nyakasanza ilikuwa na kuta nne na mbingu. Baba wa binti alikuwa amesema wazi: Jumapili nakuja kuangalia, nisipoona mabati juu, Emérance haolewi na weye. Yalihitajika mabati thelathini. Lambert hakuwa hata na moja la kumfunika kuku.

Basi akavaa abacost yake, suti ya wakubwa, akapachika kalamu nne mfukoni, moja ikiwa na wino, akaingia kwa Mumbere.

— Mama Kanyere iko?

— Ule iko ng'ambo, akasema Mumbere, uso umekunjika. Unamutafutia nini?

— Samahani, muzee, nimepotea. Miye ni formateur. Nimekuya kufundisha wafanyakazi yake.

— Kufundisha nini?

— Ile siwezi kusema, ni siri ya kazi. Lakini kisha juma moja, mutu akiingia kununua musumari mumoja, atatoka na mulango.

Mumbere alitazama ng'ambo. Mama Kanyere alikuwa amesimama, anawatazama.

— Atakulipa nini?

— Mabati quinze, Jumamosi.

— Miye nakupa quinze, na uanzie kwangu.

— Muzee, nilishamupa ule mama neno yangu.

— Neno yako ikae kwake. Weye ukae hapa.

Dakika kumi baadaye Lambert alikuwa ng'ambo.

— Weye mutoto, akasema Mama Kanyere, mulikuwa munaongea nini na ule muzee saa yote ile?

— Mama, ile ni siri ya kazi.

Haikuhitajika kuongeza neno. Mabati kumi na tano mengine yakapatikana, masomo yawe kwa Mumbere asubuhi na kwake mchana.

Sasa lazima niseme jambo la aibu kwa tapeli yeyote: Lambert alifundisha vizuri. Ujuzi wake wote ulitoka katika mbuzi mmoja aliyewahi kumuuza mara mbili, lakini ulitosha. Somo la kwanza: amka. Somo la pili: msalimie mteja kabla hajakusalimia, umuulize habari za wazazi na za nyumba anayojenga. Somo la tatu alilipenda kuliko yote: mteja akisitasita, mwambie polepole kwamba jirani yake anakitaka kitu kile kile.

Ijumaa akagawa brevet, vyeti vya kuhitimu, kila moja na cachet, muhuri aliouchonga kwenye soli ya kandambili. Siku zile, mtu asiye na karatasi yenye cachet alikuwa kama bado hajazaliwa. Vital alilaza yake ndani ya Biblia.

Saa sita Vital akaenda nayo kula mandazi kando ya barabara. Akamkuta Adèle, mfanyakazi wa Mama Kanyere, ana yake.

— Vital, cachet yako iko na kisigino.

— Na yako vilevile. Somo ya tatu walikufundisha nini?

— Jirani anakitaka.

Wakagawana andazi la mwisho.

— Adèle, tangu uanze kazi, Mama alikuongezea mushahara?

— Alinipa kalenda.

— Basi leo na siye tuuze.

Jioni Adèle alivuka kwa Mumbere.

— Muzee, makosa yote ya asubuhi hapa kwako, mwalimu alikuwa anaitengenezea kwetu muchana. Lakini Mama hapendi nitoke.

Saa ile ile Vital alikuwa kwa Mama Kanyere.

— Mama, asubuhi kwetu akili yake ilikuwa mupya. Hapa kwako ilifika imechoka. Lakini muzee hapendi nitoke.

Kwa atakayevuka, mshahara ukapanda mara mbili, na gunia la mchele juu. Wenzao wakafuata. Jumamosi, maduka yakafunguka yamebadilishana watu.

Lambert alikuja na mkokoteni.

— Karibu, patron, akasema Adèle mlangoni mwa Mumbere. Wazazi hawajambo? Nyumba inaendelea?

Lambert akageuka kuona kama hajakosea duka.

— Vital iko ng'ambo, akasema Mumbere. Masomo yako inatumika kule. Wakulipe kule.

Ng'ambo, Mama Kanyere hakuinuka kitini.

— Adèle uliyemufundisha iko kwa nani? Miye nilipe chungu inayopika kwa jirani?

— Mama, akasema Lambert, sauti laini, muzee Mumbere ananitaka nirudi kwake, hata sasa hivi.

— Ile ni somo ya tatu, Mama, akasema Vital kutoka nyuma ya mizani.

Mama Kanyere akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kisha akafuta macho.

— Niko na nafasi moja. Kufagia na kupima misumari. Bati moja kila mwezi. Vital atakufundisha.

Jumapili baba wa Emérance alisimama ndani ya nyumba, akatazama mawingu kwa utulivu. Lambert akaeleza kazi yake mpya.

— Bati thelathini, miezi trente, akasema mzee.

— Baba, akasema Emérance, nitangojea kwako. Lakini mwezi ule bati haitapanda juu ya nyumba, ule ndio wa mwisho.

Ndivyo Lambert, ambaye hakuwa ameliona jua la saa kumi na mbili asubuhi tangu abatizwe, alivyolikuta Jumatatu akiwa na ufagio mkononi. Vital alikuwa nyuma yake.

— Mwanafunzi, akasema. Pale pembeni umeruka.