Daktari wa Meno Ana Injini Chini ya Maji

Jumapili, 3 Machi

Tumekuwa wa mwisho tena. Si wa mwisho kabisa, kuna mashua moja iliyogonga boya ikajiondoa. Lakini kati ya waliofika, wa mwisho. Na wa kwanza nani? Daktari wa Meno! Tena! Ziwa lile lile, upepo ule ule. Mashua zetu zimetoka karakana moja, zinafanana kama pacha wangu. Yangu inaitwa Radi. Yake inaitwa Tabasamu. Radi inatambaa, Tabasamu inaruka. Hapa pana namna.

Tena msaidizi wake ni mama yake mzazi! Bibi wa miaka sabini na ushee, kofia kubwa, mfuko wa karanga mapajani. Kazi yake ni kuhama upande mashua ikiinama, na kutafuna. Mimi nasafiri na mke wangu, Mama Pacha, mwenye mikono ya kazi na sauti inayofika ng'ambo. Nishindwe na karanga?

Mimi ni mtu wa duka la miwani. Macho ndiyo riziki yangu. Leo nimemtazama yule bwana kwa darubini mbio nzima. (Mama Pacha anadai ndiyo maana tulipita boya upande usio wake. Uzushi.) Nimeona mambo mawili. Kila anapotaka kugeuza mashua, anagusa sikio. Halafu anacheka. Mtu mwema hacheki peke yake katikati ya maji.

Ana injini. Ndogo, isiyo na kelele, imefichwa chini. Naapa.

Jumatatu, 4 Machi

Nimemweleza Mama Pacha habari za injini wakati wa chai. Amenisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lenyewe linatia shaka. Kisha akasema labda tusugue tumbo la Radi, maana tangu tuinunue haijaonja brashi. Nikamwambia hayo ni mawazo ya watu wasioona mbali.

"Baba Pacha," akasema, "wewe unaona mbali mpaka boya la karibu hulioni."

Nimejifanya sikusikia.

Jioni, huku akimenya viazi, akatupia neno kama mtu anayetupa ganda. Eti magoti ya Bibi yanamsumbua, na Daktari anatafuta mtu wa kukaa naye mashuani. Eti kamwomba yeye. Eti atamjibu baada ya mbio za Kombe, Jumapili.

Kumbe! Ushindi hauwatoshi, wanataka na baharia wangu! Nimeacha viazi, nimelala na njaa. Bila Mama Pacha nani atavuta kamba? Nani ataniambia nimeshika kamba isiyo yake? Na kusema kweli, ni pale mashuani tu tunapokaa siku nzima tukitazama upande mmoja. Nyumbani tunapishana mlangoni.

Lazima nishinde Jumapili. Au angalau Daktari aumbuke.

Jumatano, 6 Machi

Mchana nimefunga duka na kubandika karatasi kwamba kuna dharura ya kifamilia. Si uongo.

Gatini hapakuwa na mtu. Nikaingia majini na miwani ya kuogelea niliyojitengenezea mwenyewe, yenye vioo vya namba yangu. Kazi safi kabisa. Nikazama chini ya Tabasamu, nikapapasa kutoka omo ya mbele mpaka tezi ya nyuma. Hakuna injini! Hakuna hata tundu la injini. Kote laini kama sahani iliyooshwa. Ajabu zaidi, hakukuwa na kitu chochote cha kijani, wakati Radi ina bustani nzima.

Kutoa kichwa, nani amekaa ukingoni mwa gati miguu ikining'inia? Bibi na karanga zake.

Nikamwamkia shikamoo nikiwa ndani ya maji. Akaitika marahaba, mwanangu, akauliza nimepoteza nini huko chini. Nikasema pete ya ndoa. Ndilo lililokuja.

Masikini, yule mama ana moyo! Akapaza sauti mpaka Mwalimu Mstaafu akatoka ofisini. Huyu ndiye katibu wa klabu, na anaongoza mbio zetu kwa filimbi aliyokuwa akiwapangia watoto mstarini. Akapuliza. Wakaja fundi wa matanga, mlinzi, na watu wawili waliokuja kutazama ndege tu. Wote wakaingia majini kunitafutia pete. Mlinzi akajikata kidole kwenye kopo. Mimi nikitoa maelekezo.

Bibi akanihurumia, akaninyooshea karanga. Nami nikanyoosha mkono kupokea. Mkono wa kushoto. Pete inang'aa juani kama taa ya polisi.

Waliomo majini wakaacha kupapasa.

Nikasema, loo, imepatikana! Hakuna aliyepiga makofi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeipata siri! Si injini. Ni dawa!

Nimemkuta Daktari amejitumbukiza majini ubavuni mwa Tabasamu, ana brashi, anasugua huku akiimba. Juu ya gati, karibu na viatu vyake, kuna kopo jeusi. Nikamwuliza kijanja, kama mtu anayepita tu, anafanya nini.

"Natoa ukoga, jirani," akasema. "Ukoga ni ukoga, uwe wa mdomoni, uwe wa mashua. Ukiuachia, unakula polepole. Leta na Radi nikusaidie, tutamaliza kabla ya chakula."

Hivi ananiona mtoto? Mtu anayekupa siri yake bure amebakiza nyingine nyuma ya mgongo. Nikamshukuru, nikasema Radi haina ukoga. Akatazama Radi. Akatazama tena. Mimi ninaijua mitazamo hiyo ya madaktari wa meno.

Alipokwenda kuvaa, nikafungua kopo. Kitu cheusi, kizito, kinateleza kama mlenda. Ndicho hicho! Kinachofanya mashua iteleze ni utelezi, nani hajui? Nikachota cha kutosha, nikakitia kwenye kasha la miwani, nikaondoka nikipiga mluzi.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya Kombe. Naandika nikiwa nimejifunga blanketi.

Asubuhi niliwahi kabla ya Mama Pacha. Majini kulikuwa na baridi, basi dawa nikaipaka pale nilipofika bila kulowa: ubavuni, ukingoni, kwenye usukani, na iliyobaki kwenye ubao wa kukalia. Nikawaza itashuka yenyewe. Mama Pacha akafika, akanusa, akauliza mbona kunanuka gereji. Nikamwambia ni harufu ya ushindi.

Filimbi. Tukaondoka vizuri! Upepo ulikuwa mzuri, tanga limejaa kama shavu la mpiga tarumbeta. Mpaka boya la kwanza tulikuwa katikati ya kundi, hatujawahi! Mama Pacha akatabasamu. Nikasema moyoni, dawa hiyo.

Kwenye boya tukageuza. Mashua ikainama, nami nikahamia upande wa pili. Yaani nilianza kuhama. Ubao ukanipokea, ukanisukuma, ukanikabidhi kwa ukingo, na ukingo ukanikabidhi kwa ziwa. Hata kamba sikuigusa. Nilipoibuka, jaketi la kuokolea limenipanda mpaka masikioni, nikamwona Mama Pacha anang'ang'ania usukani kwa mikono miwili na usukani unamponyoka kama samaki. Radi inakwenda zake. Na maji yale yalikuwa baridi. Niliogopa, siwezi kuficha. Niliita jina la mke wangu, jina lake halisi, ambalo sijalitumia tangu pacha wazaliwe.

Aliyegeuza mashua alikuwa Daktari. Yuko mbele ya wote, Kombe liko mkononi, na akageuza! Nikaona omo ya Tabasamu inanijia. Bibi akanishika ukosi, na magoti yake mabovu, akanivuta ndani kama furushi la nguo. Daktari akampungia mkono Mama Pacha kumwonyesha niko salama, kisha akanitazama mikono.

"Mbona umejipaka grisi ya makapi?" akauliza.

Grisi. Ya kulainisha vigurudumu vya kamba.

Nilitetemeka sana, akasema kazi itanipa joto. Akanikabidhi usukani wa Tabasamu. Akaniambia nisitazame mashua za watu, nisikilize tu upepo unaingilia sikio gani. Ndiyo maana yeye hugusa sikio, kumbe, lile linalopigwa na upepo hupoa. Nikasikiliza. Na ghafla mashua ikawa nyepesi, ikaacha kupigana na maji, ikaanza kuimba chini ya miguu yangu. Nilicheka. Peke yangu, kwa sauti. Bibi akanipa karanga.

Tulifika wa mwisho.

Na Mama Pacha, peke yake, juu ya mashua yenye grisi? Wa tatu! Radi haijawahi hata kuota wa tatu. Watu walimshangilia mpaka wakakauka koo. Kisha Mwalimu Mstaafu akafungua kanuni: mashua imalize na watu iliyoanza nao. Radi imeondolewa.

Sasa nimekaa hapa na blanketi, natafakari. Daktari anajua kanuni zote. Aliponiokoa alikuwa anajua kabisa kwamba Radi itaondolewa. Ameliacha Kombe ili tu asinione wa tatu! Sijawahi kuona chuki ya namna hiyo.

Jumanne, 12 Machi

Mama Pacha hakusema nami jana. Leo amesema.

Amechoka na mbio, na darubini, na mimi kulala nikitaja boya. Aliponiona majini, alishtuka, akataka kugeuza, usukani ukamteleza. Nani alipaka usukani? Nikatazama dari. Akasema anataka twende ziwani mara moja tu kama watu, bila filimbi, bila kushindana na yeyote. Tuvuke mpaka kile kisiwa cha miti, tule, tuogelee, turudi. Daktari na Bibi waje pia, tuwashukuru. Nikiweza hilo, atabaki Radi. Nikishindwa, anahamia Tabasamu.

Alikuwa na machozi. Nikamshika mkono, nikamwahidi. Na nilimaanisha. Tena nimeisugua Radi mwenyewe jioni hii, tumbo zima. Mimi ni mtu mpya.

Jumapili, 17 Machi

Siku nzuri kuliko zote! Mwanzoni.

Tulivuka polepole, mashua mbili bega kwa bega, maji yakigonga ubao taratibu. Mama Pacha alilaza kichwa begani pangu, akavua viatu, akatia vidole majini. Sikumtazama Daktari hata mara moja. Au mara chache. Kisiwani tulikula, tukaogelea, Bibi akasimulia jinsi Daktari alivyokuwa mwoga wa maji utotoni, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mama Pacha akaniambia, "Unaona sasa?" Nikaona.

Kisha wakaenda wote watatu nyuma ya miti kutazama viota vya ndege. Mimi nikabaki kulinda vyombo.

Hapo nikagundua jambo. Tabasamu ilikuwa imefungwa kwa fundo moja tu. Moja! Na omo imeelekezwa nyumbani! Mtu hufunga hivyo kwa nini, kama si kuondoka haraka na kumwacha mwenzake kwenye matope? Viota gani vya ndege? Nikaelewa yote. Nikaisukuma Radi kimyakimya, nikapandisha tanga.

Jinsi ilivyoruka! Nilisikiliza upepo sikioni, nikageuza, nikaimba. Sikuona mashua yoyote nyuma yangu. Nilifika gatini nimeinua mikono. Wa kwanza! Mimi!

Mwalimu Mstaafu alikuwa amekaa pale na gazeti. Akanipongeza. Kisha akaniuliza mke wangu yuko wapi.

Walifika jua likielekea kuzama. Tabasamu imebeba watu watatu na vyombo vyote, sufuria zetu pia. Mama Pacha ndiye aliyeshika usukani. Akafunga kamba, akanipita bila kunitazama, akamwambia Daktari wataonana Jumapili, asubuhi mapema. Daktari akaniambia pole, jirani. Bibi hakunipa karanga.

Imeniuma, sikatai. Lakini nimekaa chini nimefikiri kwa utulivu. Watu watatu, sufuria, mwendo wa kobe. Daktari huyu huyu wa kila siku wa kwanza! Hakuna mtu anayeshindwa vile bila kukusudia. Waliniacha nishinde.

Wanataka nini kwangu?