Koyote na Manukato ya Harusi

Jumatatu, 3 Februari
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Marit wangu, asali wa moyo! Bado tunabanana kwenye kitanda chake cha utotoni. Cha mtu mmoja. Nyuma ya ukuta baba mkwe anakoroma kama trekta. Lakini leo, tukila viazi, ametangaza: atakayeua koyote, yule mbwa-mwitu mdogo anayemlia kondoo wake, kabla kondoo hawajaanza kuzaa, nyumba ndogo ya kijitoni ni yake. Clint, kaka yake Marit, akanishauri mimi muuza viatu nianzie kwa panya. Tutaona, shemeji!

Jumanne, 4 Februari
Nimenunua kipenga cha kumwitia koyote, kinacholia kama sungura aliyenaswa. Nikafanya mazoezi bafuni. Mama mkwe kavunja kitasa, akidhani nakata roho. Baba mkwe akanipa somo: kaa upepo ukupige usoni, maana koyote huzunguka nyuma akunuse. Tena nisijipake kitu, hata sabuni. Nikaitikia, ndiyo baba. Lakini manukato ya Marit, zawadi ya harusi? Nilimwapia nitayapaka kila siku ya Mungu! Matone mawili tu.

Jumatano, 5 Februari
Alikuja! Nilijibanza kichakani na bunduki, theluji mpaka magotini. Nikapuliza, nikanyamaza, nikapuliza. Mara huyo, mbio! Hatua mia kabla hajanifikia akaanza kuzunguka. Akainua pua. Akapiga chafya! Akaenda zake, wala hakuwa na haraka. Clint akauliza kama nilimpangusa kamasi.

Ijumaa, 7 Februari
Clint kageuka muungwana. Kaniletea kichupa cha mkojo wa kicheche, yule mnyama anayenuka kupita wote. Eti wawindaji wote huficha harufu yao kwa huo. Nimejipaka. Juu yake manukato, ahadi ni ahadi. Marit, machozi yakimtiririka, kasema ananipenda mno, ila nikalale zizini. Nikampulizia kipenga kutoka huko, kwa mapenzi, mpaka alfajiri.

Jumamosi, 8 Februari
Koyote alifuata kilio changu mpaka kwenye ua. Clint akamwangusha kwa risasi moja toka barazani, soksi tu miguuni! Nyumba ni yake. Saa mbili baadaye kondoo wa kwanza akazaa. Baba mkwe akanishika bega: mwanangu, kwa kuita koyote, hapa hakuna wa kukufikia, acha tu hayo manukato. Tena kaahidi: nikiua koyote wa pili, chumba cha juu ya ghala ni changu.

Nimetafakari, nimegundua kosa. Matone mawili humwonyesha koyote nilipo. Nikimwaga chupa nzima, bonde lote litanukia mimi, hatajua pa kukimbilia! Marit, pua kaziba, amenibusu dirishani. Siku ya Wapendanao ataninunulia chupa kubwa.