Nimeondoka kwa Wimbo, Nimerudi na Godoro

Mwaka huu wa ugali wa makopa ya muhogo, mto ulipobeba mahindi ukatuachia matope, ndio na mimi nimeumbuka. Leo hii. Mkitaka kucheka, chekeni kwenu.

Mchele kidogo uliopona niliuficha mvunguni, kwenye gunia la kamba nyekundu. Tule makopa, mchele ungoje Idi. Juzi gunia halipo. Saidi, mume wangu, akasema panya. (Nikamwamini. Nikatega na mtego.)

Leo asubuhi jirani yangu Mwanahawa karudi kutoka Mikumi.

"Shoga, gunia lako nimeliona kwa mama ntilie wa stendi. Na mumeo anamwoshea sahani."

Sahani! Kwangu hajawahi kusuuza hata kikombe chake cha chai.

Nikasema naondoka. Lakini mimi ndiye mwimbishaji wa harusi zote hapa, siwezi kutoka kimya kama mwizi wa kuku. Godoro kichwani, nikatunga papo hapo:

"Saidi nimeondoka, nyumba nimekuachia,
Mchele umeshahama, na mimi ninahamia!"

Wanawake wakatoka, wakaitikia, vigelegele mpaka barabarani. Nikatembea kama bibi harusi. (Machozi niliyalia kwenye bodaboda. Dereva haoni nyuma.)

Nikafika Munisagara kwa kaka yangu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Godoro la nini?"

"Nimemwacha Saidi. Nyumba nimemwachia."

"Nyumba ya nani?"

Nikalitua godoro.

"Nani aliijenga?"

"Mama."

"Na shamba?"

"La mama."

"Saidi alikuja kwetu na nini?"

"Redio."

Wifi yangu akapaliwa na uji. Kwetu sisi mwanaume ndiye anayehamia kwa mke, na nyumba ni ya ukoo wa mama. Bibi mzima, na wajukuu wangu, nimejifukuza kwangu mwenyewe! Tena kwa wimbo!

Godoro kichwani tena. Njia ile ile, wanawake wale wale.

"Bibi, wimbo umekatika?"

"Kimya!"

Saidi yupo barazani kwangu, kakunja nne. Kuniona tu, akawageukia watu: "Si niliwaambia? Huyu hawezi kuniacha!"

Wakapiga vigelegele! Vya kutupatanisha! Na mimi godoro limenifunika macho, nimesimama pale kama niliyekuja kuomba radhi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikalitua. Nikaingia ndani, nikatoka na redio, nikamwekea miguuni. Nikaimba:

"Saidi sasa ondoka, nyumba nimeirudia,
Ulikuja na redio, na redio shika njia!"

Mwanahawa akaitikia. Kisha wote.

Saidi kaikumbatia redio yake, kashusha sauti. "Mama Zaina, watu wanatuangalia. Basi nile kwanza."

"Nenda ukale ulikopeleka mchele."

"Hata ugali wa makopa?"

(Nilimpikia tangu alfajiri. Uko jikoni, umepoa.)

"Nenda ukale ulikopeleka mchele."