Ukuta Uliogoma Kubomoka

Jumatatu, 7 Julai
Bosi wetu, Madam Thilaga, katangaza: kati yangu na Kok Leong, atakayemaliza ukuta wake vizuri kabla ya Ijumaa ataruhusiwa kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Nazitaka! Binti yangu Insyirah anakohoa, chekechea wamemkataa, na mama mkwe anayebaki naye ameanza kunikata jicho. Kazi yenyewe: lori la mabomu linagonga ukuta wa kituo cha walinzi, linalipuka, tunaangalia kilichobaki. Yote ndani ya kompyuta, Mungu ashukuriwe. Kompyuta kubwa ni moja tu. Nimewahi, nikaweka pakiti ya tishu juu ya kibodi. Singapore hii, tishu juu ya meza ya mgahawa maana yake pana mwenyewe; hata tajiri haihamishi. Kok Leong kafoka kwamba hapa si mgahawani. Lakini hakuigusa. Ha!

Jumanne, 8 Julai
Balaa. Kompyuta inataka siku tisa! Mlipuko inaukokotoa kwa vihatua vya sisimizi. Nikakumbuka ujanja wa chuoni: kitu kikiwa kizito, kompyuta hupiga hatua ndefu. Nikauongezea ukuta uzito kidogo. Siku sita. Nikaongeza. Siku tatu. Mkono ukanogewa. Usiku mmoja! Nimerudi mapema, nikamlisha Insyirah uji wa samaki, nikalala kama malkia.

Jumatano, 9 Julai
Lori limegonga. Limelipuka. Ukuta haujakwaruzika hata rangi! Madam kauliza ni zege gani hilo. Nimesema zege la nguvu. Kok Leong, kiherehere, kauliza lina uzito gani. Nani anapima ukuta? Yeye. Kaupima mbele ya wote: unashinda maghorofa yote ya mtaa wetu wa Tampines.
“Dada Ros, huo si ukuta, ni mlima. Bomu lenyewe limeona aibu!”
Ofisi nzima kicheko. Madam hakucheka. Kaniambia, “Mwanangu, nyuma ya ukuta huo atakaa mlinzi, na ana mama yake.” Nikamwona Insyirah kavaa kofia ya mlinzi. Nimelia chooni.

Ijumaa, 11 Julai
Siku za nyumbani kapewa Kok Leong; ukuta wake ni mdogo, kompyuta imeumaliza kwa usiku mmoja. Hana hata paka! Mimi nirudie yote, ukuta kwa uzito wake halali. Nimeapa mbele ya Madam. Mama mkwe anadai mgongo umemwisha, Insyirah bado anakohoa, kompyuta imeng'ang'ania siku zake tisa. Ukuta nimeurudisha kama ulivyokuwa. Sitaugusa tena, kiapo ni kiapo.
Lori sikuliapia. Nimelinenepesha kidogo tu.