Kipawa Changu na Macho Mekundu

Jumapili, 3 Machi

Nina kipawa! Mchungaji leo kahubiri juu ya kupambanua roho, kwamba Mkristo asimeze kila anachopewa. Nikasisimka. Ni mimi huyo! Simu ikiletwa mezani kwangu najua ugonjwa wake kabla sijaifungua. (Nyingine hufa, lakini hufa baada ya kufunguliwa.) Watu je? Rahisi zaidi.

Nikaanza papo hapo. Safu ya nyuma: mchumba wa dada yangu. Macho mekundu kama taa za breki. Kwenye maombi kalala, mdomo wazi. Mlevi! Na Jumapili ijayo anakuja kujitambulisha kwa Mama. Lazima nimwokoe dada.

Safu ya mbele: Ndugu mmoja mgeni, Biblia kubwa kama tofali. Akiomba, machozi yanamtiririka. Nimemleta nyumbani. Katuombea, kaondoka na mwavuli wa Mama. Jua lilikuwa kali, lakini watumishi huona mbali.

Jumanne, 5 Machi

Alfajiri. Nimejibanza nyuma ya tangi la maji, mkabala na chumba cha Macho Mekundu. Huyo anarudi! Anayumba. Shati nje. Na vumbi jeupe mikononi, shingoni, hadi kwenye nyusi. Majivu! Mlevi, tena mganga! Sijawahi kumwuliza anafanya kazi gani. Mwenye kipawa haulizi.

Kaniona. "Shemeji, mbona umekaa kwenye tope?" Nikamwambia nimeangusha betri.

Nimemsimulia Ndugu. Hakushangaa hata kidogo, kasema alishaonyeshwa. Kaja, kaomba, kaondoka na chupa yetu ya chai. Kuna mgonjwa anahitaji kitu cha moto.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwambia Mama kila kitu, nikaongezea kidogo pale palipolegea. Mama kashika kifua. Ugeni wa Jumapili haupo tena, hataki mganga sebuleni kwake.

Dada hakulia. Kaosha vyombo, hata visafi. Halafu kaniuliza kama nimewahi kumwuliza mwenyewe swali hata moja. Nikamjibu ya rohoni hayaulizwi. Jioni yote hakuimba jikoni kama kawaida yake. Imeniuma kidogo. Si sana.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango kabambe: Ndugu amwoe dada! Mezani nimemsifu mpaka chakula kikapoa. Dada kasema huyo kila akitamka amina kuna kitu kinatoka naye humu ndani. Nikamwonya asihukumu watu.

Jioni Ndugu kaja kuomba baiskeli yangu, mgonjwa kazidiwa. Nikampa na pampu.

Jumamosi, 9 Machi

Baiskeli hakuna. Simu ya Ndugu haipatikani, na niliitengeneza mimi! Nimekwenda kazini kwa miguu. Mvua. Mwavuli hakuna. Nimerudi nimelowa, nikauliza chai, hakuna chupa. Mama kanimiminia maji ya bomba.

Mara hodi. Macho Mekundu! Na baiskeli yangu! Na mkate mpya kwapani! Kumbe ni mwokaji. Usiku kucha yuko kwenye tanuri, ndiyo maana ibadani anasinzia, na yale majivu ni unga wa ngano. Alfajiri kamkuta Ndugu kwenye lango la kiwanda chao cha mikate akiinadi baiskeli kwa vijana wa zamu. Kamwambia hiyo ni ya shemeji yake. Ndugu kakumbuka ghafla kwamba ana ibada mahali, kakimbia. Pampu kaenda nayo.

Mama kakata mkate. Kala kipande, kakata kingine, kisha kamwambia kesho aje kama ilivyopangwa. Mwokaji kafurahi, kasema ataomba ruhusa zamu ya leo alale, asije akakoroma mbele ya mama mkwe. Dada kacheka. Halafu kanigeukia.

"Mdogo wangu, kupambanua ni kuangalia mtu anafanya nini, ukanyamaza mpaka ujue. Wewe ulishamhukumu ndipo ukaenda kukaa kwenye tope kutafuta ushahidi."

Nimekubali. Nimeomba msamaha, mkate mdomoni. Nimeguswa, kweli kabisa. Mimi ni mtu mpya.

Jumapili, 10 Machi

Mchungaji kahubiri juu ya kuhukumu wengine. Neno zito! Nimegeuka huku na huku kuangalia linampata nani. Wengi.

Mwokaji kaja nyumbani, shati limenyooka. Kajibu maswali yote ya Mama, Mama kamwita mwanangu. Dada anaimba jikoni tena. Mambo safi.

Ila kuna kitu. Macho yake leo ni meupe. Meupe kabisa! Siku zote mekundu, leo mbele ya Mama yamekuwa meupe? Mtu huyu anaficha nini?

Kesho alfajiri, nyuma ya tangi. Safari hii nabeba kigoda.