Damu Mdomoni mwa Neu

Jumatatu, 8 Septemba
Nimemkuta mbwa wangu Neu zizini, manyoya meupe pe, mdomo mwekundu! Kapigana na dubu! Na bado ni mtoto! Kondoo wote wazima, kwa hiyo aliyekimbia ni dubu. Mke wangu Maylis akasema mbwa anabadilisha meno tu, nimpanguse. Nimpanguse? Nimempitisha hivyo hivyo mbele ya duka la mikate. Jirani yangu Casaubon, mwenye jike lililomzaa Neu, akauliza: "Na huyo dubu naye anaota meno?" Wivu!

Jumanne, 9 Septemba
Damu bado inachuruzika. Jeraha la shujaa. Maonyesho ya mbwa ni Jumamosi. Nimeshawatangazia wafugaji kwamba dume langu Turon, baba yake Neu, atapanda majike ya bonde zima. Watazaliwa wapiga dubu watupu.

Alhamisi, 11 Septemba
Mungu wangu! Majaji wetu hushika kwanza kucha pacha za ziada za miguu ya nyuma, alama ya mbwa wa aina hii. Nikazipunguza zipendeze. Damu! Nikabana kitambaa, nikapaka unga, nikapaka majivu. Haisimami! Neu kanilegea mikononi, ufizi mweupe. Nililia, sikatai. Maylis akaendesha gari kama kichaa, mimi nikibana mguu.
Daktari wa mifugo akasema dubu hayupo. Chembe za kuziba jeraha Neu anazo tele, ila hazishikani. Kazaliwa hivyo. Baba kampa ugonjwa na mama kampa, ingawa wenyewe wanaonekana wazima; hujificha ndani ya ukoo. Akataka damu ya mbwa mwingine, upesi. Nani kaleta mbwa wake mkubwa atoe? Casaubon! Bila hata mzaha mmoja!

Ijumaa, 12 Septemba
Neu kasimama! Kanywa mchuzi, kakojolea kiatu changu, nikambusu. Maonyesho basi tena. Daktari kaonya wazazi wake wasizalishwe tena. Casaubon keshalitenga jike lake. "Na dume lako je, mzee?" Nikamjibu kwamba nimesikia.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimewaza usiku kucha. Turon hajawahi kuvuja hata tone! Mwenye kosa ni jike la Casaubon, ndiyo maana kalificha. Hata hivyo mimi si mzembe, sitaki tena damu ya wageni. Nimemtafutia Turon mchumba ndani ya ukoo wake mwenyewe: dada yake wa tumbo moja. Daktari atanipongeza.