Petro Hakuvaa Misumari

Jumanne, 19 Novemba

Mungu ni mwema. Nimechaguliwa mimi. Jumapili ya kwanza ya Majilio Mhubiri Eljas anakuja kijijini kwetu Haapalahti, na atakayempokea stesheni ni mimi, Veikko. Si Tauno.

Mzee Oiva, msimamizi wa nyumba ya sala, alitamka mwenyewe wakati wa kahawa. Mhubiri ni mtu mzima sana, huandaa neno lake ndani ya gari, na hapendi kelele. Gari la Tauno lina matairi ya misumari, vile vijino vya chuma vinavyong'ata barafu, na kwenye lami tupu linalia kama kuku wanaodonoa bati. Langu lina matairi ya majira ya baridi ya mpira mtupu. Kimya.

Ningeketi hapo ningekuwa nimeshinda. Nikasimama na kikombe changu, nikasema misumari ni upungufu wa imani, maana Petro alitembea juu ya maji bila msumari hata mmoja kwenye soli. Tauno, kaka yake mke wangu, akamaliza kwanza kutafuna mkate wake wa iliki.

"Na akazama, shemeji."

Wanawake walichekea ndani ya vikombe. Aune wangu naye. Unaishi na mwanamke miaka yote hiyo, bado ni dada wa mtu.

Alhamisi, 21 Novemba

Jana mvua iliganda barabarani. Nilikuwa nateremka na Aune kilima cha kiwanda cha mbao, mwendo wa jeneza. Gari likaamua lenyewe. Likageuka, likatazama tulikotoka, likakalia masanduku ya barua ya mtaa mzima. Ni nani aliyepanga masanduku yote mahali pamoja, tena kwenye kona? Hilo hakuna anayeuliza.

Aune hakupiga kelele. Alishuka, akaokota barua za watu, akazipangusa theluji. Nyumbani ndipo aliposema. Mtumishi wa Mungu hapandi gari hili na matairi haya. Nikibisha, atampigia simu Mzee Oiva. Namjua. Atapiga.

Basi nifanyeje? Nikibaki na mpira, Aune anasema. Nikiweka misumari, gari linasema lenyewe, na kazi inakwenda kwa Tauno. Nimeomba sana leo. Jibu lilikuja nikiwa bado nimepiga magoti: misumari, lakini asijue mtu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekwenda mjini Kajaani, ambako hakuna anayenijua. Nilimwambia muuza matairi kwamba ni ya shemeji yangu, mtu mbishi. Akauliza huyo shemeji anaendesha wapi. Nikasema vijijini, vilima, barafu. Akasema mpira mtupu unamfaa mtu wa mjini asiye na haraka, ila kwenye barafu inayong'aa kama kioo achukue misumari, tena mwanzoni aendeshe taratibu mpaka ikae vizuri isije ikang'oka. Akanituma nimpelekee shemeji pole kwa ubishi wake. Nimeipokea kwa niaba ya Tauno.

Aune ameyaona, ameridhika. Hatasema neno, lakini akiulizwa hadanganyi mtu. Ndivyo alivyolelewa, sina la kufanya.

Kwenye theluji hayalii. Kutoka stesheni nitapita njia ya msituni, yote ni nyeupe. Tatizo ni uwanja wa nyumba ya sala. Ndugu wote watakuwa wamesimama pale kumlaki Mhubiri, na uwanja ni lami.

Jumatatu, 25 Novemba

Anayesafisha uwanja kwa trekta ni nani? Tauno. Anaukwangua mpaka lami inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nilimwendea kwa upole. Nikamwambia aache theluji kidogo mwaka huu, kwa uzuri, ni Majilio. Akaniuliza kama nimesahau mkono wa mjane Helvi uliovunjika alipoteleza pale Februari. Kisha akaniangalia sana, akauliza kwa nini siku hizi naegesha gari nyuma ya ghala la kuni.

Nikasema upepo.

Jumatano, 27 Novemba

Asubuhi nilikwenda na sepetu, nikarudisha theluji uwanjani. Nilirudisha nyingi, mgongo ukaninyooka kwa shida. Saa sita Tauno akapita na trekta, akaiondoa yote, akampungia mkono Mzee Oiva kama askofu. Kuna watu hawana kazi za kufanya nyumbani kwao.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimepata! Mazulia.

Yale ya vitambaa, marefu, aliyofuma marehemu mama mkwe. Tunayo manane. Nikiyatandika juu ya lami, mistari miwili, kila upande wa gari na wake, misumari itapita kama paka. Watu watadhani ni heshima kwa Mhubiri. Na ni heshima, kwa nini isiwe? Yerusalemu walitandika nguo zao barabarani, na hakuna aliyewauliza habari za matairi.

Nimemwambia Aune nayatoa nje nikayapige vumbi kwenye theluji, Krismasi inakuja. Ameniomba kazi hiyo tangu Oktoba. Alinishika shavu, akasema, "Mume wangu, umebadilika." Roho iliniuma kidogo. Kidogo.

Jumapili, 1 Desemba

Naandika ili haki ionekane mahali pamoja walau.

Stesheni vizuri. Njia ya msituni vizuri. Mhubiri alifumba macho njia nzima, midomo ikicheza. Akaniambia, "Ndugu Veikko, gari lako ni kama chumba cha sala." Nilikaribia kulia.

Tukaingia uwanjani. Mazulia yapo, nilivyoyatandika alfajiri. Ndugu wamepanga mstari. Mzee Oiva anajifuta macho kwa glovu. Zulia la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu ni lile la mistari ya buluu, ambalo mama mkwe alilifuma mwaka wa harusi yetu. Misumari ikaling'ata. Haikuliachia. Likapanda juu ya gurudumu, likajizungusha, likamvuta mwenzake wa nyuma, na gari likasimama limevaa sketi.

"Ndugu Veikko," akauliza Mhubiri, "tumefika au tumefungwa?"

Tauno alikuja na kisu. Akapiga magoti kwenye lami yake, akakata, akavuta, akaona. Misumari mipya, inametameta. Kisha akainua uso kwenye dirisha langu.

"Aa. Petro, umepata viatu."

Mhubiri alicheka mpaka nikamshika asianguke kitini. Watu wote wakacheka. Aune hakucheka. Alikuwa ameshika kipande cha buluu, anakikunja kwa makini kama kwamba kinaweza kurudi kabatini.

Kwetu mtu haingii kwenye neno akiwa na jambo na ndugu yake. Nikamwomba Tauno msamaha pale mlangoni, mbele ya makoti ya watu yaliyotundikwa. Akanikumbatia, akanitangazia dhambi zangu zimesamehewa katika jina na damu ya Yesu. Alitangaza upesi mno. Mtu aliyeumizwa kweli hufikiri kwanza.

Mhubiri amerudishwa stesheni na Tauno. Kwenye lami, kuku wote wanadonoa. Mhubiri alisema afadhali gari linalokiri.

Jumanne, 3 Desemba

Aune bado anaongea nami kwa maneno mafupi. Nimeahidi kumnunulia zulia. Akasema mama yake hauzwi.

Nimetafakari kwa sala, na nimeona kosa lilipo. Si misumari wala si mimi. Ni mazulia, yalikuwa na nyuzi zilizolegea. Mtu angepaswa kuniambia.

Mhubiri Eljas anarudi Jumapili ya kwanza ya Aprili. Tauno atakuwa bado anapiga kelele na misumari yake. Mimi nitavua mapema, niweke matairi ya kiangazi, laini kabisa, mapya, niwe wa kwanza Haapalahti. Nimeshampigia Mzee Oiva. Nimemwambia safari hii kimya changu kitakuwa cha kweli.

Aune anasema mwanzoni mwa Aprili barafu ya ziwa letu bado inabeba trekta.

Mwanamke huyu imani yake ni ndogo.